Kilo za Mama na Springi ya Lindi

Nianze na ujinga wenyewe, maana najua ndio mnaousubiri. Nilitoa hewa kwenye shokapu ya baiskeli ya mama kwa sababu niliona imezeeka. Si shokapu iliyozeeka. Hewa.

Baiskeli ile mama aliachiwa na mgeni mmoja wa Kizungu aliyekuja kupima magofu ya Kisiwani. Mama alimpikia miezi miwili, na siku ya kuondoka mgeni akaona heri aiache kuliko kuibeba. Ni baiskeli ya milimani, gia kibao, na mbele ina miguu miwili ya shokapu kama ya pikipiki. Ila ya pikipiki ndani ina springi, na hii ndani ilikuwa na hewa tupu, inajazwa kwa pampu yake ndogo maalumu ambayo mgeni aliondoka nayo. Sasa mimi, kidato cha tatu, mtu wa fizikia, nikapiga hesabu: hewa imo humo tangu Ulaya, miaka mitatu. Maziwa ya siku mbili yanachacha, sembuse hewa ya miaka mitatu? Nikaona nimwekee mama hewa ya Kilwa, mpya, imetoka baharini asubuhi hiyohiyo.

Kuitoa ilikuwa rahisi. Nilibonyeza kipini cha valvu, ikapiga mluzi, mbele ya baiskeli kukashuka taratibu kama ng'ombe anayeinamia maji. Kuirudisha ndiko kulikonifikisha Lindi. Pampu ya kawaida haikuinua kitu, kwa hiyo nikaikokota mpaka kwa jamaa mmoja wa pancha mwenye kompresa ya kujazia matairi ya malori. Akaniuliza, "Nitie kiasi gani?" Nikamjibu kibosi, "Tia mpaka ikaze." Ikakaza. Halafu ikasema pwaa! Sili, yale mapete ya mpira ya kuzuia hewa, zikaruka, na mafuta yaliyokuwa ndani yakamwagikia kanzu nyeupe ya mzee aliyekuwa anapita kwenda kuswali Ijumaa. Maneno yake siyaandiki, ila nadhani ilibidi akatawadhe upya.

Mnaocheka ngojeni kidogo. Mama ni mhudumu wa afya wa mtaani. Baiskeli ile si ya kutembelea, ndiyo miguu yake. Anakwenda nayo vitongoji vya bara, kwenye njia za mawe na mizizi, kuwaona wajawazito na watoto wachanga. Na kifundo chake cha mkono wa kulia kilivunjika mwaka juzi, kikaunga vibaya. Akipanda baiskeli ya kawaida, kila jiwe linampiga mkononi, na baada ya nusu saa hawezi kushika breki. Ile shokapu ndiyo iliyokuwa inameza mawe badala ya mkono wake.

Ijumaa hiyo alikuwa amekwenda Kivinje kwenye harusi, arudi Jumapili jioni. Jumatatu ilikuwa zamu ya vitongoji, na huko mwisho kabisa kulikuwa na dada mmoja mwenye mimba ya mapacha aliyeanza kuvimba miguu na uso. "Yule Jumatatu lazima nimwone," mama aliisema hiyo akifunga kanga, akaisema tena akivaa viatu, akaisema ya tatu akiwa mlangoni. Mimi aliniachia kazi moja tu: "Ioshe baiskeli. Usiguse kingine."

Jamaa wa pancha akaiangalia ile miguu iliyolala, akatikisa kichwa. "Dogo, hewa achana nayo. Kuna fundi Lindi anaitwa Chilumba. Anatoa mambo ya hewa yote, anaweka springi. Springi haivuji wala haina pampu."

Lindi. Mnaijua ilipo.

Masoko hadi Nangurukuru

Jumamosi alfajiri nilimwambia Bibi naenda Lindi kumsalimu shangazi. Bibi akasema ni vizuri, vijana wa siku hizi hawana habari na ndugu, akaniombea dua ndefu. Ile dua ilinikaa kifuani mpaka Nangurukuru.

Niliiendesha vilevile ilivyolala. Jaribuni siku moja kuendesha baiskeli ambayo mbele imeshuka: usukani uko magotini, makalio yako juu, na wewe unaitazama lami kwa karibu kama mtu aliyedondosha sindano. Kilomita thelathini za hivyo. Watoto wa njiani hawakunionea huruma. Mmoja alikimbia pembeni yangu kipande kirefu akiniuliza, "Kaka, umepoteza nini?" Nilipomwambia nyamaza, akawaita wenzake waje wanisaidie kutafuta.

Nangurukuru nilifika mgongo hauna habari na mimi. Nikakaa kwenye kibanda cha mama lishe, nikala chapati mbili na maharage. Nikamuuliza gari la Lindi linalokubali baiskeli. "Subiri," akasema. Nikasubiri saa moja. Nikamuuliza tena. "Si nimekwambia subiri?" Nikamwagiza chai ili asinifukuze. Mabasi mawili yalisimama, makonda wakaiangalia baiskeli, wakaniangalia mimi, wakapiga ubavu wa gari liondoke. Chai ya tatu ndipo lilipokuja lori la magodoro.

Nangurukuru hadi Kiranjeranje, juu ya magodoro

Najua mnafikiria: kulala juu ya magodoro mapya mpaka Lindi, raha iliyoje. Na mimi nilifikiria hivyo kwa dakika tano. Godoro likiwa na mfuko wake wa nailoni linateleza kuliko samaki. Kila kona nilikuwa naondoka. Nililala kifudifudi, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye baiskeli, jua linanichoma kisogo, nailoni inanichoma tumbo. Utingo, kijana mwembamba aliyekuwa amejifunga mkanda wa tairi kwenye kamba kama mtu wa sarakasi, alikuwa amelala fofofo tangu mzani wa kwanza.

Baada ya Hoteli Tatu upepo ukaingia chini ya kamba. Nikaliona godoro moja la juu linainua kichwa. Nikapiga kelele. Utingo akafumbua jicho moja. Godoro likasimama wima, likatuaga, likaruka. La futi sita kwa nne, la maua. Nakumbuka maua yake mpaka leo.

Dereva hakusikia kelele zetu mpaka tulipofika Kiranjeranje. Aliposhuka na kuambiwa, alishika kiuno, akatazama tulikotoka, akapumua. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema tu, "Teremka na baiskeli yako, nirudi nalo hilo gari likiwa jepesi." Kwamba mimi na baiskeli ndio uzito, si yale magodoro mia. Wakageuza, wakaondoka. Nikabaki kando ya barabara nikiwa na baiskeli inayoinamia maji.

Pale kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wanaume watatu wanakula ming'oko. Kwa wale wa Dar mliohamia shuleni kwetu juzi: ni mizizi ya porini, inachemshwa, unaimenya, unaila na chumvi, na ukiwa na njaa ni chakula cha peponi. Nikawaamkia.

"Shikamooni."

"Marahaba." Aliyejibu alikuwa mzee wa kofia ya kiua. Alikuwa anaitazama baiskeli, si mimi. "Unaiuza?"

"Hapana, mzee. Ni ya mama."

"Mama yako anaendesha baiskeli ya gia?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. Wa pili, mwenye shati la timu ya mpira, akasogea. "Dogo, hiyo ni ya Mzungu. Umeitoa wapi?"

"Mzungu alimpa mama."

"Eeh. Na mama yuko wapi?"

"Harusini."

"Na wewe unakwenda nayo wapi?"

"Lindi. Kwa siri." Hiyo "kwa siri" sijui ilinitokaje. Wa tatu aliacha kumenya, akasimama nyuma ya baiskeli, akashika kiti. Nikajua nimekwisha. Sikuwa na karatasi ya baiskeli, na simu ya mama sikuthubutu kuipiga. Mzee akasema tufungue kapu la mbele tuone.

Ndani ya kapu kulikuwa na kitambaa cha buluu. Mzee akakitoa, akakikunjua, akakiinua juu watu wote waone. Ni ile kaptula ya kupimia watoto, yenye mikanda mirefu ya kutundikia kwenye mizani. Mikanda ikaning'inia. Kisha yule wa shati la timu akauliza kwa upole kabisa, "Hii unaivaaje?"

Mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni ndiye aliyeniokoa. Alicheka mpaka akashika mti. "Nyie wanaume hamjawahi kufika kliniki hata siku moja? Hiyo ni ya kupimia watoto!" Kufumba na kufumbua nikatoka kuwa mwizi nikawa daktari. Akataka nimpimie mwanawe. Nikamwambia mizani hakuna. Akasema basi nimwangalie tu, ana siku mbili anaharisha. Nikamwambia yale ninayomsikia mama akisema kila siku: anyonye asiachishwe, apewe yale maji ya pakiti ya zahanati kidogokidogo, na ampeleke leo, asingoje kesho. Alinisikiliza kama mtu mzima. Niliona aibu, sijui kwa nini. Wale watatu wakanisogezea ming'oko, nikala nayo aibu yangu.

Lori lilirudi baada ya saa mbili na nusu. Godoro walilipata. Kulikuwa na mbuzi amelala juu yake.

Lindi, kwa Fundi Chilumba

Karakana yake ni bati nne na mti mmoja wa korosho. Fundi Chilumba ni Mmwera mfupi, mikono minene, haongei mpaka amalize alichoshika. Nilimwamkia, akaitika bila kuinua macho, akaendelea na kabureta ya watu kwa muda wa kutosha mimi kusinzia nimesimama. Alipomaliza akafuta mikono, akaibonyeza baiskeli mbele.

"Nani kaitia upepo wa lori?"

"Mimi."

"Hm."

Hiyo "hm" ilikuwa na matusi yote ya yule mzee wa kanzu, kwa herufi mbili.

Lakini mikono yake, nawaambia. Alifungua boliti mbili za chini, akaivua ile miguu kama mtu anayevua soksi. Akatoa fimbo ya pistoni, akaung'oa mpira wake ulioraruka, akanionyesha: huyu ndiye aliyekuwa anazuia hewa, sasa hana kazi. Fimbo ataiacha, juu yake atasimamisha springi, na juu ya springi atakata kipande cha bomba gumu la maji kiwe kizibo cha kuikalia. Springi anazo ndoo tatu, za pikipiki zilizokufa. Akashika moja, akasita.

"Mpandaji ana kilo ngapi?"

"Kawaida tu, fundi."

"Kawaida si kilo. Hewa unaongeza, unapunguza. Springi haibembelezwi, inataka kujua inambeba nani. Mama yako ana kilo ngapi?"

Sikujua. Mama anapima kilo za Kilwa nzima, anaziandika kwenye daftari, lakini za kwake sijawahi kuzisikia. Nikampigia. Nyuma yake palikuwa na ngoma na wanawake wengi wakiongea kwa pamoja.

"Haloo! Twaha, kuna nini? Bibi mzima?"

"Mzima. Shikamoo mama. Mama, eti una kilo ngapi?"

"Nini? Sisikii, ngoja nikuweke sauti kubwa."

"Kilo! Una kilo ngapi? Mwalimu wa fizikia katupa kazi ya likizo, tuandike uzito wa wazazi."

Nikasikia sauti ya mwanamke mwingine: "Anasemaje mwanao?" Na mama: "Eti kilo zangu!" Wakacheka wote. Kisha mama akapaza sauti, na najua ile sauti, ni ya mtu mwenye hadhira:

"Andika tisini, baba! Tisini kamili, na ukiandika pungufu umenidhulumu!"

Vigelegele. Simu ikakatika.

"Tisini," nikamwambia fundi. Akachagua springi nene ya bodaboda, akaikata kwa grenda, akaisawazisha ncha kwenye jiwe, akaipaka grisi, akaizamisha. Alipofunga kila kitu, baiskeli ilisimama imeinua kifua. Niliipanda, nikairusharusha. Ilikuwa ngumu kama ukuta. "Wewe mwepesi," fundi akasema. "Kwako itakuwa ngumu, kwa mtu wa tisini itakuwa laini." Nikampa hela niliyokuwa nimeweka ya viatu vya mpira, nikaenda kulala kwa shangazi, ili angalau ile dua ya Bibi isiwe ya bure.

Lindi hadi Mchinga, kwa pedali

Jumapili asubuhi niliamua kuanza kwa kuendesha, nidakie gari mbele ya safari. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeshiba. Baada ya Kikwetu barabara inapanda na kushuka, na kila kiraka cha lami kilipita kwenye ile springi kama ujumbe, hakuna kilichopotea njiani. Vidole vilikufa ganzi. Meno yaligongana. Nilijifariji: mimi mwepesi, mama mzito, kwa mama itakuwa laini. Niliimba hivyo kilomita kama thelathini, na kadiri nilivyochoka ndivyo imani ilivyozidi kupungua, halafu nikaacha kuimba.

Mchinga nilisimama kwa mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchemsha na pweza wa kukaanga. Jina lake Bi Somoe. Nilikuwa siwezi kushika sahani, vidole vinatetemeka, akaniwekea chakula kwenye magoti mwenyewe. Alipoona baiskeli akafurahi. "Usichanani mwangu niliendesha mimi, baba akanichapa. Hebu." Akajifunga kanga vizuri, akapanda, akaisukuma chini kwa nguvu zake zote. Springi haikushuka hata unene wa ukucha.

Nikacheka. "Bi Somoe, wewe mwepesi. Imetengenezwa kwa mama yangu, kilo tisini."

"Tisini?" Akashuka. "Mama yako anapita mlangoni?"

"Anapita. Ni kama wewe tu, umbo lenu moja." Nilisema hivyo, kisha nikaacha kutafuna. Nilimtazama Bi Somoe, mabega, kiuno, mikono. Kweli walikuwa umbo moja. Gauni la mama lingemkaa bila fundi cherehani kuligusa.

Bi Somoe akaniinamia, akanitajia kilo zake sikioni. Alipimwa zahanati wiki iliyopita. Ameniapisha nisizitaje, kwa hiyo sizitaji, ila tisini haikuwa jirani yake hata wa mtaa wa pili.

"Ulimuuliza wapi mama yako?"

"Kwenye simu. Alikuwa harusini."

"Na mawifi zake wapo?"

"Nilisikia wengi."

Alinitazama kama wanavyotazamwa watoto waliokula udongo. "Mwanangu, una akili wewe? Umuulize mwanamke kilo harusini, mbele ya mawifi, akwambie za kweli? Waseme mume hamlishi? Waseme anaumwa? Mimi ningesema mia na kumi!"

Nilikaa chini kabisa, mchangani. Mbele kulikuwa na Kilwa, karibu nusu siku ya barabara. Nyuma kulikuwa na Lindi. Ningeweza kuendelea, nifike, nioshe baiskeli, ninyamaze. Mama angepanda Jumatatu na ule mkono wake, akidhani ni mkono umezidi kuharibika, si baiskeli. Angefika nusu ya njia. Yule dada wa mapacha alikuwa mwisho wa njia.

Nikampigia. Safari hii palikuwa kimya, nadhani alikuwa anafungasha.

"Mama, shikamoo. Nataka kilo zako za kweli."

"Marahaba. Za nini?"

Nikamwambia. Hewa ya Ulaya, kompresa, kanzu ya mzee, magodoro, Chilumba, tisini. Nilivyokuwa nasimulia ilikuwa haichekeshi hata kidogo, sijui kwa nini sasa inachekesha. Nilipomaliza akauliza tu:

"Uko wapi?"

"Mchinga."

"Umekula?"

"Nimekula mihogo."

Akakata. Baada ya dakika chache ukaja ujumbe. Hauna salamu, hauna jina. Tarakimu mbili tu.

Mchinga hadi Lindi, mara ya pili

Bi Somoe alinisimamishia pikipiki ya matela iliyokuwa inapeleka nazi Lindi. Nililala juu ya nazi. Nimelala juu ya magodoro na juu ya nazi katika safari moja, na nikiulizwa, nazi haziruki.

Fundi Chilumba aliponiona akaweka spana chini, uso umekunjika. "Imevunjika?"

"Haijavunjika, fundi. Ni kilo."

Nikampa simu asome. Akasoma, akachukua chaki, akaiandika ile namba kwenye sakafu ya saruji, akaitazama kwa muda, kisha akaifuta kwa soli ya kiatu. Hakuitaja kwa mdomo, na wateja wawili walikuwapo. Nilimpenda sana mzee yule pale.

Nikamshauri: "Tuikate tu hii, tupunguze mizunguko miwili mitatu iwe laini."

"Shuleni mnasoma nini?" akauliza. "Ukiikata fupi inazidi ukali. Laini ni ndefu na nyembamba." Akaingia na mikono yote miwili kwenye ndoo ya tatu, akachakura, akachakura, akaibuka na springi moja nyembamba yenye kutu. Ilitoka kwenye kipikipiki cha sista mmoja wa misheni, alichokiendesha miaka mingi mpaka kikamfia njiani. "Sista alikuwa kama mama yako," akasema, na alichomaanisha tulijua sisi wawili tu. Akanikabidhi brashi ya waya, nikasugua kutu mpaka kiganja kikachubuka. Akaizamisha, akakata kizibo kipya kirefu kidogo, akafunga. Akamwita mpishi wa chai wa jirani, mwanamke wa umbo lilelile, akamwomba aikalie baiskeli. Springi ikashuka taratibu, ikasimama, ikarudi.

"Hivyo," akasema fundi. Hela ya pili hakuitaka. Alisema kosa lilikuwa la harusi.

Lindi hadi Masoko

Kipande hiki sina cha kuwachekesha. Basi lilikubali baiskeli nyuma kwa sababu konda alinionea huruma. Nilisimama tangu Lindi mpaka Nangurukuru, kichwa kimeegemea chuma, naamka kila shimo. Pale Kiranjeranje niliona benchi lile, lilikuwa tupu. Kutoka Nangurukuru nikaendesha mwenyewe, kilomita thelathini zilezile. Safari hii usukani ulikuwa mahali pake, na yule mtoto aliyenitafutia sindano hakuniona, au aliona nimeshaipata. Miguu ilikuwa inakanyaga yenyewe. Niliingia Masoko watu wanatoka kuswali magharibi.

Mama alikuwa amekaa barazani, bado ana hina za harusi. Nilimwamkia, akaitika. Macho yake yalikuwa kwenye baiskeli. Bibi aliniuliza shangazi hajambo, nikasema hajambo, akasema alhamdulillahi.

Jumatatu kabla jua halijachomoza nilisikia kapu linafungwa. Nikachungulia. Alishika usukani kwa ule mkono mbovu, akabonyeza mara moja, akabonyeza tena. Akaondoka.

Siku ile sikutoka. Nilifagia uwanja, nikaosha vyombo, nikajaza maji, Bibi akadhani naumwa. Alasiri ikapita. Nikasikia mnyororo kwenye kona.

Alifika mpaka mwisho wa njia. Yule dada, mama alimkuta kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, akatafuta bodaboda pale pale, akampakia, akamsindikiza kwa baiskeli nyuma yake mpaka barabara ya lami, na sasa yuko hospitali, yeye na mapacha wake wote wako salama. Aliyasimulia hayo kwa Bibi, si kwangu, huku anavua viatu. Nilikuwa nimesimama na kata ya maji. Akanywa. Akakinyoosha kile kifundo cha mkono, akakizungusha, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Kilo zangu za kweli mnazijua watu wawili, wewe na huyo fundi wako. Lindi ni mbali. Nikizisikia hapa Masoko, nitajua pa kuanzia."